Baharini Hakukamatika: Hotuba Kuhusu Auki Mkubwa

Maneno haya niliyasema mbele ya wapenda ndege, wavuvi na wanafunzi tuliokutana hapa Unguja. Waliokosa wameomba niyaandike, nayo ni haya, yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Assalaam alaykum. Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu, wavuvi wetu mlioacha vyombo leo mkaja kunisikiliza, kina mama, na nyinyi wanafunzi mliokaa chini kwa kukosa viti, hamjambo?

Leo nataka tumzungumzie ndege ambaye hakuna hata mmoja wetu humu aliyemwona, wala atakayemwona. Hakuwa wa bahari yetu. Aliishi Atlantiki ya Kaskazini, kwenye maji ya baridi ya Kanada, Aisilandi na Uskoti. Wataalamu wamempa jina la Pinguinus impennis. Mimi nitamwita auki mkubwa. Mtaniuliza, sisi watu wa Bahari ya Hindi tuna shughuli gani naye? Nivumilieni, huko tutafika.

Alikuwa na kimo cha sentimita 80 hivi na uzito wa kilo 5. Mgongo mweusi, tumbo jeupe, na baka jeupe kati ya jicho na mdomo. Mdomo wenyewe mnene, una mifuo kana kwamba fundi ameuchonga kwa patasi. Mabawa yalikuwa mafupi mno, sentimita 15 tu, hayakuweza kumwinua hata shibiri moja kutoka ardhini. Mngemwona mngesema pengwini, na mabaharia wa Ulaya walimwita hivyo hivyo. Lakini pengwini wa kusini si ndugu zake.

Nchi kavu alitembea kwa hatua fupi fupi, kifua mbele. Lakini majini? Majini wavuvi wangu mngemvulia kofia. Yale mabawa mafupi yalikuwa makasia yake. Alipiga mbizi, alikimbiza samaki, alivuka bahari kuu majira ya baridi bila kugusa ardhi. Mwaka 1812 Mwingereza mmoja, William Bullock, mwenye makumbusho yake London, alimkuta auki mmoja karibu na kisiwa cha Papa Westray, huko Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Akamfukuza kwa mashua ya makasia sita. Wanaume sita wanavuta, bunduki iko tayari, na wakamfukuza kwa saa kadhaa. Hawakumpata. Kila wakimkaribia amezama, kaibuka kwingine. Mwaka uliofuata wenyeji ndio waliomuua, mwili ukapelekwa kwa Bullock, na ngozi yake imehifadhiwa Uingereza mpaka leo.

Basi nawauliza. Ndege ambaye makasia sita hayampati, alikwishaje? Alikwishaje, dunia nzima, asibaki hata mmoja?

Jibu langu ni moja, na ndilo nililokuja kulisema: alikwisha juu ya mwamba. Kila mwaka, mwanzoni mwa kiangazi cha kwao, ilimlazimu apande nchi kavu kutaga. Yai moja tu kwa mwaka. Yai kubwa, linazidi sentimita 12 kwa urefu, lenye michirizi na madoa, na inasemekana hakukuwa na mawili yaliyofanana. Halina kiota. Linawekwa juu ya jiwe tupu, na wazazi wanaliatamia kwa zamu kwa wiki sita hivi. Wiki sita hizo ndizo zilizomwangamiza. Na kwa kuwa hakuruka, hakuweza kutaga juu kwenye majabali kama ndege wenziwe. Alihitaji mwamba wenye mteremko unaoingia majini taratibu, ili atembee apande. Wavuvi mnanielewa hapa. Mahali ndege anapoweza kupanda kwa miguu, mashua nayo inaweza kushusha watu.

Sasa, msije mkadhani nasema binadamu asile ndege. Wako watu walioishi na auki kwa maelfu ya miaka wakamla na hakwisha. Pale Port au Choix, kwenye kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, wachimbaji walifukua makaburi ya miaka kama 4,000 iliyopita. Katika kaburi moja mtu alizikwa na midomo ya auki zaidi ya 200. Inaonekana ilishonwa kwenye vazi lake, joho la kuzikiwa. Hebu fikirini. Ni ndege wangapi, ni mikono mingapi ya kushona, na heshima gani aliyopewa marehemu yule! Watu wale walimjua auki, walimpenda, walimla, walimvaa. Na miaka mingi baadaye auki bado walikuwa wengi, wamejaa visiwani.

Kisha zikaja merikebu kutoka Ulaya.

Kuna kisiwa kinaitwa Funk, karibu kilomita 60 kutoka pwani ya Newfoundland. Ni bapa la mwamba katikati ya bahari, halina mti. Mwezi Mei 1534 nahodha Mfaransa Jacques Cartier alifika hapo. Alieleza kwamba ndege walikuwa wengi kiasi kwamba asiyeona kwa macho hawezi kuamini. Mabaharia wake walijaza mashua mbili kwa muda usiofika nusu saa. Nyama nyingine waliila bila kuihifadhi, nyingine wakaitia chumvi, kila merikebu mapipa manne au matano. Walimkuta pale hata dubu mweupe, mkubwa kama ng'ombe, aliyeogelea kutoka bara kuja kula ndege wale wale. Dubu akawaona watu, akajitosa baharini. Kesho yake wakampata njiani na kumla naye.

Mwaka hadi mwaka merikebu za wavuvi wa chewa wa kule zikapita Funk kujaza mapipa. Waliweka ubao kutoka mwambani hadi chomboni, wakawaswaga auki kama mbuzi, wakaingia wenyewe kwa miguu yao. Ndege hakujua kukimbia adui wa nchi kavu. Angejifunza wapi, na alichagua mwamba ule kwa sababu hauna adui?

Hapo ningesema, kama wasemavyo wazee wetu, bandu bandu huisha gogo. Lakini baadaye haikuwa bandu bandu tena. Karne ya 18 ilipokaribia mwisho walikuja watu wa manyoya. Ulaya ilitaka manyoya ya kujazia mito na magodoro. Makundi ya wanaume yakahamia Funk, yakakaa kiangazi chote kwa kazi moja tu, kuua. Walijenga mazizi ya mawe na kuwaingiza ndege humo. Waliwapiga virungu, wakawatia kwenye maji ya moto ili manyoya yatoke kwa urahisi. Na maji yale yalichemshwa kwa kuni gani, ikiwa kisiwa hakina mti?

Nitawaambia, ijapokuwa kuna watoto humu, kwa sababu lazima tujue. Mwaka 1794 baharia wa manowari ya Uingereza, Aaron Thomas, aliandika alivyofanya mtu afikapo pale. Unakuja na sufuria, unatia ndege mmoja au wawili, na chini ya sufuria unawasha moto. Moto wenyewe ni auki. Miili yao ilikuwa na mafuta mengi, iliwaka vizuri. Na kuhusu manyoya akaandika kwamba hakuna haja ya kujisumbua kuwaua. Unamshika, unamnyonyoa yale manyoya mazuri, unamwachia aende zake, nusu uchi, ngozi imechanika, akafe atakapo.

Nimeyasoma maneno yale mara nyingi na bado yananikaba koo.

Je, hapakuwa na mtu aliyeona? Alikuwepo. Na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Watu walijua! George Cartwright, mfanyabiashara aliyeishi Labrador, pwani ya Kanada kaskazini mwa Newfoundland, aliandika katika shajara yake mwezi Julai 1785. Alisema mashua imerudi kutoka Funk imesheheni ndege, kwamba maangamizi yanayofanyika hayasadikiki, na kwamba desturi ile isipokomeshwa haraka, kizazi chote kitapungua hadi karibu kuisha. Mfanyabiashara, si mtu wa vitabu, aliona kwa macho yake akasema. Sheria nazo ziliwekwa. Kabla karne ile haijaisha ilikuwa marufuku kuwaua kwa ajili ya manyoya, na aliyekamatwa aliweza kuchapwa viboko hadharani. Lakini nani alikaa Funk, kilomita 60 baharini, kulinda wiki zile sita? Hakuna. Ilipofika mwaka 1800, au karibu na hapo, Funk ilikuwa tupu.

Tupu, isipokuwa mifupa. Mwaka 1887 Mmarekani Frederic Lucas wa taasisi ya Smithsonian alikwenda huko akachukua mifupa kwa maelfu. Na juu ya mwamba ule uliokuwa mtupu akakuta udongo. Udongo umetoka wapi? Ni ndege wenyewe, vizazi vya auki waliooza, na majani yakaota juu yao. Leo ndege wengine, pufini, wanachimba mashimo yao ya kutagia ndani ya udongo huo.

Wapo waliosema pengine auki alikuwa anakufa mwenyewe, labda hali ya hewa, labda uzao umedhoofika. Mwaka 2019 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba kutoka kwenye mabaki ya kale ya auki. Hawakuona dalili yoyote kwamba ndege huyu alikuwa anapungua kabla ya uwindaji mkubwa kuanza yapata mwaka 1500. Kwa hesabu zao, mkono wa binadamu peke yake ulitosha.

Ndugu zangu, sasa twende Aisilandi, maana huko ndiko kwenye mwisho.

Huko auki walikuwa na mwamba wao, Geirfuglasker, ambao mawimbi yake yalikuwa makali na watu waliogopa kushuka. Ule ulikuwa ulinzi tosha. Lakini mwaka 1830 volkano ya chini ya bahari ililipuka na mwamba ukazama. Ndege waliosalia wakahamia Eldey, jabali refu lililo jirani na pwani zaidi, lenye rafu ya mwamba upande mmoja inayoshuka mpaka majini. Wakafikika.

Na wakati huo huo bei ilikuwa inapanda. Makumbusho na matajiri wa Ulaya walisikia kwamba ndege huyu amekuwa adimu, kila mmoja akataka ngozi yake na yai lake kabla hawajaisha. Mnaona mtego huo? Wale waliomthamini kuliko wote, waliojua jina lake la kisayansi, waliomtaka awekwe kwenye kioo asisahaulike, fedha zao ndizo zilizopeleka mashua Eldey.

Kule Uskoti mambo yalikuwa tofauti lakini mwisho ni ule ule. Yapata 1840, wanaume wa kisiwa cha St Kilda walimkuta auki mmoja amelala kwenye jabali la Stac an Armin. Wakamkamata, wakamfunga miguu, wakakaa naye siku tatu. Ikavuma dhoruba kali. Wakaamini ndege yule ni mchawi, ndiye aliyeileta. Wakampiga mpaka akafa. Msiwacheke. Walikuwa watu wamekwama baharini, wanaogopa kufa, na hawakuwahi kuona kiumbe kama kile. Baba zao walimjua auki vizuri. Wao walimwona kama jinamizi. Ndivyo anavyotoweka kiumbe. Kwanza hutoweka vichwani mwa watu.

Jioni moja mwanzoni mwa Juni 1844 mashua ilitoka Kirkjuvogur, Aisilandi, chini ya nahodha Vilhjálmur Hákonarson. Asubuhi wakafika Eldey. Bahari ilikuwa mbaya. Watatu waliruka mwambani: Jón Brandsson, Sigurður Ísleifsson na Ketill Ketilsson. Wa nne alipoona mawimbi akakataa. Kati ya mamia ya ndege wengine waliwaona auki wawili, wamesimama. Auki wakaanza kuondoka, vichwa juu, mabawa yamefunguka kidogo, hatua fupi fupi, mwendo wa mtu anayetembea tu. Hawakutoa sauti. Jón alinyoosha mikono, akambana mmoja kwenye kona ya mwamba. Sigurður na Ketill wakamfuata wa pili, na Sigurður akamdaka ukingoni, hatua chache tu kutoka majini.

Hatua chache! Angezimaliza, ni bahari, na baharini nani angempata?

Ketill akarudi walipokuwa wamesimama wale ndege, akakuta yai juu ya jiwe. Wengi husimulia kwamba alilikanyaga kwa kiatu. Mimi nafuata maelezo waliyoyatoa watu wa mashua ile wenyewe: aliliokota, akaona limepasuka, akalirudisha chini. Kisha wakakimbilia mashuani maana upepo unazidi. Yote yalikwisha kwa muda mfupi kuliko huu niliowasimulia. Ndege wakauzwa. Viungo vyao vya ndani, pamoja na macho, vimo ndani ya vyupa huko Copenhagen hadi leo. Ngozi ya dume ilikuja kutambuliwa kwa vinasaba kwenye makumbusho ya Brussels, Ubelgiji.

Kuna taarifa inayokubalika ya auki mmoja kuonekana baharini karibu na Newfoundland mwaka 1852. Baada ya huyo, hakuna tena.

Sasa sikilizeni hili. Tumeyajuaje maneno ya Sigurður na Ketill? Mwaka 1858 Waingereza wawili, John Wolley na Alfred Newton, walisafiri mpaka Aisilandi. Hawakwenda kuandika tanzia. Walikwenda wakiamini auki bado wapo, wakitaka kuwaona. Walikaa kijijini Kirkjuvogur wakisubiri bahari itulie ili wavuke kwenda Eldey. Wiki zikapita. Bahari haikutulia, hawakuvuka. Basi wakafanya kazi ambayo leo naishukuru kwa moyo wote: wakaketi na wale wavuvi mmoja mmoja, wakawauliza, na Wolley akaandika kila kitu kwenye madaftari. Nani alishuka? Ndege walisimama wapi? Yai lilikuwaje? Polepole ikawadhihirikia kwamba wanachoandika ni habari za mwisho.

Wolley alifariki mwaka uliofuata. Madaftari yakabaki kwa Newton, na Newton, mtu aliyekuwa kilema wa mguu tangu utotoni, akatoka pale akiwa na jambo moja rohoni: kumbe kiumbe anaweza kumalizwa na mikono ya watu wa kawaida, mbele ya macho yetu, ndani ya umri wetu. Wakati ule wasomi wengi waliona kutoweka ni jambo la zama za kale sana. Newton akawa profesa Cambridge, na mwaka 1868 alisimama mbele ya mkutano wa wanasayansi akawatetea ndege wa baharini waliokuwa wakipigwa risasi kwenye majabali ya Uingereza msimu wa kulea, makinda yakifa njaa, ili mabawa yao yapambe kofia. Aliwaambia kina mama waziwazi kwamba avaaye unyoya ule ana alama ya muuaji kwenye paji la uso. Mwaka 1869 Bunge likapitisha sheria ya kulinda ndege wa baharini.

Na sheria ile ilisemaje? Ilisema kuanzia tarehe 1 Aprili hadi tarehe 1 Agosti, usiwaue. Basi. Ililenga msimu wa mwambani. Watu wa St Kilda waliachwa nje ya katazo, kwa kuwa ndege ndiyo iliyokuwa riziki yao. Mimi naiona ni sheria ya watu wenye akili na huruma, ingawa mayai hawakuyagusa, na hapo walikosea.

Waaisilandi nao hawakusahau. Mwaka 1971 ngozi moja ya auki iliuzwa kwa mnada London, na wananchi wakachangishana nchi nzima wakainunua, ikarudi kwao.

Nilisema tutafika kwetu. Tumefika. Kusini mwa Unguja kuna kisiwa tupu, hakina mti, mnakiita Fungu Kizimkazi, na ramani nyingine zinakiita Latham. Ndege wa baharini hutaga pale chini, mchangani na mawe matupu, kwa maelfu. Kaskazini huko, visiwa vya Kiunga upande wa Lamu, buabua nao hukusanyika kutaga. Ndege hawa wanaruka, Alhamdulillahi. Lakini yai haliruki. Kinda haliruki. Akishuka mtu, wazazi wanainuka wote kwa pamoja, na jua letu hili linaliiva yai lililoachwa wazi hata kama aliyeshuka hakuokota kitu.

Sina askari wa kumpeleka Fungu Kizimkazi, na sidhani askari ndiye jibu. Funk ilikuwa na sheria na viboko. Wenye kisiwa kile ni nyinyi mnaopita pale na vyombo vyenu. Naomba tuanze na daftari, kama la Wolley, ila sisi tulianze wakati ndege wapo. Miezi gani mnawaona wameatamia? Wa aina gani, upande upi wa kisiwa? Nani hushuka, na kwa haja gani, maji, kupumzika, mayai? Hakuna atakayelaumiwa humu kwa kusema kweli. Tukishajua miezi, manahodha wenyewe mtakaa mkubaliane vyombo vipumzike wapi miezi hiyo.

Mwalimu ameshika kalamu. Wangapi humu mmewahi kushuka pale? Nyosheni mikono... Naam, Bwana nahodha pale nyuma, karibu, anza wewe, nami nakaa nikusikilize.